Kiti ya Mheshimiwa

Hiyo mwaka nilikuwa atachimenti, najifunza kazi, kwa ofisi ya mbunge wetu, rumu moja nyuma ya duka ya unga hapo Migori. Kutaipu nilijifunza mwenyewe, na mdomo nilizaliwa nayo. Ukimsema Mheshimiwa vibaya mbele yangu, tunapigana.

Jumamosi moja akanituma matanga. Kijana alikuwa amefukiwa na shimo ya dhahabu huko Osiri.

"Enda uwaambie nakuja," alisema. "Wasizike kabla sijafika."

Nikawaambia. Wazee wakaweka kiti mbele, wakaifunika na kitambaa nyeupe. Jeneza ikangoja. Mchana ikapita, jua ikaanza kulala, kiti bado iko tupu.

Jamaa mmoja aliyetoka Rongo akasema ameona gari ya Mheshimiwa ikielekea Kisii.

"Wewe unajua gari yake, ama unajua tu baiskeli?" nikamuuliza.

"Naijua. Si ni ile inapitanga hapa bila kusimama?"

Watu wakacheka. Nikainuka nimrukie.

Mama ya marehemu, ambaye alikuwa ameketi chini kando ya jeneza tangu asubuhi, akaniita. "Nyathina, mtoto wangu, kuja hapa." Nikachuchumaa.

"Mimi sitaki pesa yake, wala hotuba," akasema. "Niko na neno moja nilitaka asikie kabla mtoto wangu afunikwe. Niambie tu ukweli. Anakuja?"

Nilikuwa nimesema anakuja siku nzima, na nilikuwa naamini. Lakini kwa huyo mama sikuweza tena.

"Mama, hakuji."

"Basi kaa kwa hiyo kiti."

"Hiyo ni ya Mheshimiwa."

"Si amekutuma wewe? Kaa."

Nikakaa. Akasimama mbele yangu, akasema kwa Dholuo kwamba hizo shimo hazina hata mbao ya kushikilia udongo. Vijana walikuwa wanachimba na mtoto wake watarudi ndani Jumatatu, kwa sababu watakula nini. Mbunge aje aone kwa macho yake kabla mama mwingine aketi chini vile yeye ameketi.

Halafu tukazika.

Jumatatu Mheshimiwa aliingia ofisi akiwa na furaha. "Watu walikuwa wengi?"

Bado nilikuwa mtu wake. Ndio maana nilifunga mlango, nikamwambia akae, nikasimama mbele yake, nikasema maneno ya huyo mama, yote, kwa Dholuo, bila kupunguza.