Barua Zilizosafiri na Magunia ya Omena

Anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, hasikii harufu ya omena. Ukiniambia nyumba yangu inanuka nitakuuliza inanuka nini, tena kwa ukali, maana mimi sina simile. Nyani haoni kundule. Pua yangu ilikufa zamani pale Dunga, ufuoni Kisumu, kati ya mabeseni na nyavu za kuanikia. Nasema hili mapema ili ukinicheka unicheke kwa kipimo.

Binti yangu alikwenda sekondari ya bweni upande wa Bondo miaka ya themanini ikielekea mwisho. Ndiye msichana wa kwanza kwetu kufika huko, na mimi nilitamba soko zima, hata wasionijua niliwaambia. Muhula haujafika katikati, akaniandikia kwamba wenzake wanamwita Omena. Akipanda kitandani wanaziba pua. Godoro lake walilitoa nje likanyeshewa. Chini kabisa aliandika: "Mama, nataka kurudi nyumbani tuuze samaki pamoja."

Yawa! Nilikaa juu ya gunia la kwanza nililoliona. Mimi niliishia darasa la saba, na nilijua kurudi nyumbani kwa mtoto wa kike kulimaanisha nini. Anarudi leo, kesho wachumba wanapiga hodi. Mwalimu mkuu naye alikuwa ametuambia wazi kwamba nafasi ikiachwa kuna wengi wanaoingojea.

Basi nikaamua kumzuia kwa kalamu. Kila wiki barua. Jikaze, nyathina, nilimwandikia, yaani mwanangu, kama tunavyosema kwetu. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Waambie karo yako imelipwa na omena hao hao. Nikiishiwa na mawaidha niliandika habari za mtaani, hata mbuzi wa jirani aliyetafuna leso yangu ya kanisani, alimradi acheke.

Posta sikuiamini. Sisi watu wa ufuoni tulikuwa na lori la omena. Lilitoka Kisumu na magunia matupu kwenda kuyajaza Usenge, na njiani lilipita Bondo. Mchango wa matanga, dawa ya mgonjwa, barua, chochote kile kilikunjwa katikati ya magunia na kufungwa kwa kamba, kisipotee wala kisilowe. Kwenye lango la shule turniboi, msaidizi wa dereva, alishuka, akafungua kamba, akamkabidhi mlinzi barua yangu. Haikupotea hata moja. Nilijiona mama mwerevu kuliko wote.

Majibu yake yakaanza kuwa mafupi. "Mama, barua nimepata. Asante." Nikajiambia dawa inaingia.

Siku ya wazazi ilipofika nilioga, nikajipaka mafuta, nikavaa gauni la Jumapili. Tuliketi bwenini kwenye kitanda chake, wasichana wengine wakiwa na wazazi wao pembeni. Nikamwambia atoe barua zangu tuzisome pamoja. Akainamisha kichwa. Nikafungua sanduku mwenyewe. Nilikuta sabuni, madaftari na sketi, lakini barua hata moja sikuiona.

"Ziko wapi?"

"Nilizitupa, mama."

"Ulizitupa wapi?"

"Chooni."

Hapo ndipo ninapoona haya mpaka leo. Nilisimama nikapaza sauti, ile ya kugombania bei na wavuvi. Nikamwita mtoto asiye na shukrani. Ati mimi naacha wateja nikuandikie, na wewe unanitumbukiza chooni? Kumbe mwenye shida ni wewe, si wenzako! Nilisema hivyo, kwa kinywa changu hiki, mbele ya wasichana wale wale. Mmoja akacheka. Mwanangu hakulia. Alinishika mkono akanitoa nje taratibu, kama mtu anayemtoa mlevi kanisani.

Nyuma ya jiko la shule ndipo aliponieleza. Barua ziligawiwa kila Ijumaa wakiwa kwenye mstari. Bahasha yangu ikitolewa tu, kabla jina halijaitwa, mstari mzima uliziba pua na kupiga kelele: "Omena ameandikiwa!" Akiiweka sandukuni, nguo zake zinashika harufu, na kichekesho kinaanza upya. Kwa hiyo alikwenda kuisomea chooni, akairudia mpaka ameishika kichwani, halafu akaiachia shimoni.

"Umeishika kichwani?" nilimuuliza kwa dharau. "Barua nzima?"

Akafumba macho akaanza. Jikaze, nyathina. Kelele za chura. Akaendelea barua baada ya barua, kwa maneno yangu yote, mpaka akafika kwa mbuzi na leso. Hakuruka hata neno.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe kejeli za mtoto wangu nilikuwa nikizifunga kamba kwa mikono yangu na kuzituma kila wiki, tena nikijisifu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuandika, mama."

Nilishindwa kumwangalia. Nikamuuliza kama atabaki shuleni, akasema hajui.

Nilirudi Kisumu, na wiki iliyofuata nikanunua karatasi na bahasha mjini bila kuzifikisha nyumbani. Nilisugua mikono kwa sabuni ya kipande na ndimu mpaka ikawasha. Nikaandika nimesimama pale posta. Safari hii chura hakuwemo. Nilimwambia kwamba nilimfokea kwa sababu aibu ilinishika, na kwamba aibu hiyo ni yangu, si yake. Nilimwambia akitaka kurudi arudi, mlango uko wazi, sitamgombeza. Sentensi hiyo ilinitoa jasho. Ndiyo niliyokuwa nikipigana nayo muhula mzima.

Kabla ya kuifunga nilimgeukia mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.

"Samahani, mama. Hebu ninusie hii."

Aliniangalia kama mwendawazimu, lakini akanusa. "Iko sawa," akasema, haraka mno. Nikajua ananistahi tu. Nikaituma hivyo hivyo, ningefanya nini?

Jibu lilichelewa. Lilipofika nililiweka kifuani nikauza samaki asubuhi yote bila kulifungua, na wateja nikawajibu ovyo. Mwishowe nikajificha nyuma ya kibanda nikalisoma.

"Mama, barua imefika. Bado inanuka kidogo, na waliziba pua kama kawaida. Hii sikuitupa, iko chini ya mto wangu. Nitakuja nyumbani shule ikifungwa, si kabla."