Majimoto Kwenye Mibilinganya

Wadudu ndio walionirudisha kijijini Mtawanya. Nisingesema hivyo mbele ya mkaza mjomba wangu, mke wa kaka yake mama, ambaye mpaka leo anaamini nilikwenda kwa ajili yake tu. Lakini wewe sikufichi. Nyuma ya nyumba ninayopanga Mbagala nina vituta vyangu vya mboga, na msimu huu kila mche wa bilinganya niliouotesha niliukuta asubuhi umekatwa shingo. Muuza pembejeo alinitolea chupa yenye picha ya fuvu la mtu. Niliigeuza, nikasoma maelezo, nikamrudishia. Ijumaa ile ile nilipanda basi la Kibiti.

Stendi nilichukua bodaboda. Kijana akaniuliza naenda kwa nani, nikamweleza: nyumba ya mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Kondoa, yenye bustani mbele.

"Kwa Mama Majimoto," akasema, akawasha pikipiki.

Nilicheka njia nzima. Jina hilo lilianza kama kejeli, na nilikuwepo lilipoanza.

Siku hizo nyumba ilikuwa ya bibi, mzaa mama. Wazazi wangu walikuwa wakulima wa mpunga, na kila msimu walihamia bondeni, wakaishi kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kulinda mpunga na ndege. Mimi niliachwa kwa bibi ili nisikose shule. Walidhani wananionea huruma kuniacha. Kumbe ningelia siku wakinichukua.

Bibi alilima mboga, na alizilima kwa wivu. Mchicha, bamia, nyanya chungu, kunde, na mibilinganya aliyoiacha ikue mpaka ikawa na vigogo, inayozaa mwaka hadi mwaka. Mchuzi wa bilinganya wa bibi ulikuwa mzito wa tui, na juu yake alilaza perege wa kukaanga. Mtu akila wali na mchuzi ule alinyamaza, na bibi alipenda watu wakinyamaza kwake kwa sababu hiyo.

Dawa ya dukani hakuitaka. Alisema hawezi kunywesha mboga kitu ambacho yeye mwenyewe asingethubutu kukionja. Kwa hiyo tulikuwa na kinu kikuukuu, kilichopasuka mdomo, cha kutwangia majani ya muarobaini peke yake. Nilitwanga mimi. Majani yalilowekwa kwenye ndoo, asubuhi tukayachuja, tukatia kipande kidogo cha sabuni ya mche, kisha tukachovya fagio la vijiti na kunyunyizia chini ya majani ya mboga, huko wadudu wanakojificha. Uchungu wa muarobaini hautoki mikononi. Nilikula uji huku nikijisahau, nikalamba kidole, nikajuta. Kunde zilipata majivu yaliyochungwa, na harufu ya majivu yaliyolowa umande ninayo puani hata sasa.

Lakini si kila mdudu alifukuzwa. "Mdudu mmoja mgeni, mwache ale," bibi aliniambia. "Akija na ukoo wake ndiyo uniite."

Na walikuwepo wadudu aliowafuga. Pembeni mwa bustani ulisimama mchungwa, na kwenye mchungwa waliishi wale chungu wekundu wanaoshona majani wakajifanyia nyumba. Pwani tunawaita majimoto, na akikuuma mmoja huulizi kwa nini. Viwavi na kunguni wa mimea wanawakimbia. Mibilinganya ikiingiwa, bibi aliamka alfajiri, chungu wakiwa bado wamezubaa kwa baridi, akakata tawi lenye kiota, akalifunga kwenye nguzo katikati ya mibilinganya. Jua likipanda wanashuka, wanaanza msako. Kwenye kunde hakuwapeleka kabisa, maana huko wanawalinda vidukari na kuwakamua utamu wao.

Basi mjomba akaoa. Alikuwa utingo wa lori, akapita Kondoa, akarudi na mke. Mkaza mjomba alikuwa msichana mrefu, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kupita chetu, na hamu ya kupendwa ambayo hata mimi mtoto niliiona. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mjomba aliondoka na lori lake mapema baada ya harusi, akamwacha na sisi.

Jioni moja bibi alimwambia, kwa sauti ile ile ya kumwagiza mtu chumvi: "Mwanangu, mibilinganya ile imeingiwa. Mie kesho naamkia kwenye mihogo. Alfajiri weye itilie majimoto, kabla jua halijapanda. Uangalie mikono tu, usije ukaungua."

"Sawa, mama," akajibu.

Sasa wewe mwambie mtu wa Kondoa maneno hayo uone.

Niliamshwa na harufu. Ilikuwa harufu ya mboga inayoiva, ila haikutoka jikoni. Nilitoka nikajifunga kanga ya bibi, nikamkuta mkaza mjomba katikati ya bustani, ameshika sufuria kubwa la harusi kwa matambara, mvuke unapanda mpaka usoni. Alikuwa ameimwagia nusu ya mibilinganya, mmoja mmoja, kwa uangalifu, shina na majani. Alinitazama akatabasamu. Alikuwa amewahi kabla ya jua, na mikono haikuungua.

Majani yalianza kulala tukiyatazama.

Jirani yetu wa upande wa barabara alikuja kuazima chekeche. Mwanamke yule hakuwa mbaya, ila jambo likimfika masikioni lilimwasha ulimi. Alisimama, akauliza, akaelezwa, na alipoelewa alikaa chini kabisa kwenye mchanga akacheka mpaka kilemba kikafunguka. Hakuchukua hata chekeche. Nilipokwenda kisimani nikakuta habari imefika kabla ya ndoo yangu. Kwamba kwa bibi sasa hakuna haja ya jiko, mboga zinaivia shambani. Kwamba mjomba kaleta mpishi wa miti. Mmoja akasema, "Bi Majimoto huyo," na jina likashika pale pale.

Nyumbani nilimkuta mkaza mjomba amekaa kitandani, begi liko wazi, anakunja kanga zake. Hakulia. Alizikunja vizuri, moja juu ya nyingine.

"Basi la Dar linapita saa ngapi barabarani?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui.

"Kaniulizie, mwanangu. Mama akirudi asinikute. Nimeua chakula cha watu."

Nilitoka mbio, lakini barabarani sikwenda. Nilikimbilia njia ya mihogo, nikakutana na bibi anarudi na kikapu kichwani. Nilimweleza yote bila kupumzika: maji, majani, kicheko, begi. Hakusimama kunisikiliza, alizidisha tu mwendo. Niliposema neno begi, alishusha kikapu njiani akaniachia mimi.

Nilipofika nacho nyumbani, nikitweta, bibi alikuwa amekwisha kuwasha kuni tatu kubwa nje, mahali ambapo kila apitaye njia anaona. Sufuria la harusi lilikuwa juu ya moto. Jirani alikuwa amerudi, na wenzake wawili wa kisimani, wamesimama ukingoni mwa bustani na nyuso za pole.

"Pole, dada," jirani akasema. "Mgeni huyo, hakujua."

"Hakujua nini?" bibi akauliza.

"Si hayo maji."

"Nilimwagiza mie," bibi akasema. "Nusu kaimaliza vizuri, nusu namalizia mwenyewe."

Kisha alilitia matambara sufuria lile, akaingia nalo kwenye nusu iliyobaki, mibilinganya mizima, yenye maua ya zambarau na matunda ya kufaa mchuzi wa jioni, akaimwagia. Mmoja mmoja, shina na majani, kama alivyofanya mkamwana wake.

"Unaua mboga, weye," jirani akasema, na safari hii hakucheka.

"Naua kilicho chini. Udongo huu umechoka, umejaa sota, viwavi wa kukata miche shingo. Mti ukizeeka unaung'oa, unaunguza nyumba ya mdudu, unaanza upya. Kwenu hamfanyi?"

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwao hawafanyi.

Mimi nilijua. Niliishi katika bustani ile, na sikuwahi kuona bibi akimwagia udongo maji ya moto. Mibilinganya ile haikuwa imezeeka, na juzi yake tu alikuwa ameisifu mpaka nikachoka. Nilimtazama usoni kutafuta dalili ya masihara nikaona jasho tu. Alipogeuka kwenda kuchota maji mengine, mlango wa nyumba ulifunguliwa. Mkaza mjomba alikuja moja kwa moja, akashika ukingo wa pili wa sufuria.

"Mama, nipe mie, utaungua."

Alisema mie, kama sisi. Bibi akamwachia. Walimwaga pamoja mpaka tuta zima likawa linafuka moshi, na majirani wakaenda zao kwa utaratibu. Nilichungulia chumbani. Kanga zilikuwa bado kwenye begi, ila begi lilikuwa limerudishwa chini ya kitanda.

Siku za mbele bibi alimshika mkono akampeleka chini ya mchungwa, akamwonyesha viota vya majani. "Na hawa nao wanaitwa majimoto," akasema, kana kwamba anaongeza jambo dogo alilosahau. Mkaza mjomba akanyoosha kidole, mmoja akamuuma, akaruka. Bibi akafurahi sana. "Haya, mmeshajuana."

Tulikula mchicha na kisamvu msimu mzima. Nililalamika, nikanyamazishwa. Lakini juu ya tuta lile lile bibi alisia mbegu mpya, na hapa ndipo ninapomstaajabia Mungu: miche iliota yote, ikasimama, haikukatwa shingo hata mmoja. Kiwavi aliyekaa udongoni alikuwa ameiva zamani. Bibi alikagua miche ile asubuhi na jioni akiwa na uso wa mtu aliyejua tangu mwanzo. Jirani alikuja, akachutama, akatazama, akauliza kwa sauti ya chini maji yawe ya moto kiasi gani.

"Muulize mkamwana wangu," bibi akajibu. "Mwenye kazi ndiye yeye."

Ndivyo kejeli ilivyogeuka cheo.

Bibi hayupo tena, Mungu amrehemu, na mjomba alimfuata. Nilipofika Ijumaa ile niliutafuta mchungwa kwa macho nikaona choo kipya cha matofali. Kinu cha muarobaini hakuna anayejua kilikokwenda. Mikorosho ya majirani inapulizwa dawa kila msimu, na wale chungu wekundu hawaonekani. Nilimuuliza mjukuu wa mkaza mjomba kama aliwahi kuumwa na majimoto, akanitazama, akasema maji hayaumi, yanaunguza. Neno limebaki, na wenye neno wameondoka.

Asubuhi tulichemsha maji. Mkaza mjomba alinifundisha kwa ajili ya vituta vyangu: ulime kwanza, umwage kabla ya kusia, uache udongo upoe kabisa ndipo utie mbegu. Anatembea kwa shida sasa, lakini sufuria hakuniachia. Tulikuwa wawili tu bustanini, mvuke unatupanda usoni, aliponiuliza bila kunitazama.

"Ati, mwanangu. Mama alikuwa akimwaga maji haya kabla mie sijaja?"

Sisi wawili ndio tuliobaki wa siku ile. Nilimwona bibi na kuni zake tatu, nikaona na begi lile.

"Siku zote," nikasema. "Tangu mie sijazaliwa."

Alimalizia kumwaga, akakung'uta tone la mwisho, akanipa sufuria.

"Unaongopa vizuri," akasema. "Kama yeye."