Chaki ya Mama

Harufu ya chaki ya fundi cherehani bado hunipandisha hasira. Mama alishona nguo katika soko la Owino, Kampala, na siku moja nilibeba kipande cha chaki yake hadi shuleni. Mwalimu wa kompyuta alijaza ubao mistari ya programu ambayo hakuna aliyeielewa. Nikaichora kwenye dawati, kila amri na umbo lake, nikaziunganisha kama mama alivyounganisha bega, mkono na kola. Hapo nikaona programu inapoanzia na inaporudi.

"Nani kakuambia programu ni gauni?" mwalimu akauliza. "Futa. Kwa sweta lako."

Darasa likacheka. Sweta lilikuwa jipya.

Nimerudi Kampala na diploma ya ng'ambo niliyojilipia mwenyewe, na sasa nafundisha walimu lugha ya kompyuta ya vipande vinavyopachikana kwenye skrini, mtu aone programu inavyokwenda. Leo mwalimu yule wa kompyuta alikaa mbele, kichwa cheupe kwa mvi, hakunitambua. Nikampa chaki ya mama.

"Mwalimu, tuchoree programu yako ubaoni."

Alichora polepole, bila kosa hata moja.

"Vizuri sana, ssebo," nikasema, nikimwita bwana kwa Kiganda. "Sasa futa. Kwa koti lako."