Gunia Kwenye Kiti cha Nyuma

Hasira hii nimeiungama mara nyingi, mpaka paroko wetu ameniambia niiache ipumzike. Nimejaribu. Nina mengi ya kumshukuru Mungu: pumzi, ghala lenye chakula, wajukuu wanaonikumbuka. Lakini kila nikipita kwenye uwanja wa malisho nyuma ya kijiji chetu, upande wa kwenda Kaengesa, nauona mfereji uliochimbwa na gurudumu la ile ndege, na moyo unanichemka upya.

Aliyeitengeneza ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ni fundi wa kuchomelea, ana karakana yake Mazwi, mjini, na mageti yake ni mazuri; hata geti la parokia ni kazi ya mikono yake. Mwaka mmoja akaacha mageti. Akanunua injini ya gari dogo lililopinduka, akaunga mabomba, akavisha mabawa turubai, akachonga panga boi la mbao la kuvuta upepo mbele. Yote aliyoyajua kuhusu kuruka aliyapata kwenye simu.

Hilo halikunikasirisha. Mtu akitaka kutengeneza ndege, aitengeneze. Nilikasirika siku alipoileta kijijini juu ya lori, nikakuta mchora mabango ameshaandika ubavuni kwa rangi nyekundu: kasi yake, umbali itakaokwenda angani, lita chache za petroli mpaka ziwani, abiria wawili. Herufi kubwa, safi, kama za basi la mkoani.

"Imeshawahi kuruka?" nikamuuliza.

"Bado, mjomba."

"Sasa hizi namba umezitoa wapi?"

"Ni mahesabu."

"Aliyepiga mahesabu ni nani?"

"Mimi mwenyewe."

Jirani mmoja akadakia kwamba mzee anataka namba zishuke kutoka mbinguni, na watu wakacheka. Walinicheka mimi, si yeye. Mpwa wangu akaendelea kuahidi. Itafika Kasanga, kule ziwani, kabla chai haijapoa. Itapaa bila kumaliza nusu ya uwanja wa mpira. Injini ikizima angani, itashuka yenyewe taratibu kama mwewe. Nikamwambia kwamba hata mashine ya kusaga inayotoka bondeni huwa inahema ikifika huku kwetu juu, kwenye hewa nyepesi. Akasema mashine za kusaga ni mambo ya zamani. Nikamuuliza kama amewaona wanaohusika na ndege serikalini. Akasema atawaendea ikishapaa, wasije wakamkatisha tamaa mapema.

Ningemwacha na namba zake kama si kile kiti cha nyuma. Kiti hicho alikuwa amemwahidi mjukuu wangu, binti wa binti yangu, ambaye ni muuguzi wa zahanati yetu. Masika ya kabla ya hapo alimsindikiza mama mjamzito kwa pikipiki kwenda hospitali ya Sumbawanga. Walikwama kwenye tope, na mama yule hakufika. Tangu siku hiyo mjukuu wangu alikuwa amepungua maneno. Mpwa wangu akaja na ndege yake, akamwambia tope limekwisha, kuanzia sasa wagonjwa watapita juu, na yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukaa nyuma ili watu wasiogope. Binti akaamini. Nilimwona akianza kuimba tena jikoni, na badala ya kufurahi nilitaka kuvunja kitu. Mpwa wangu alikuwa amechukua majonzi ya mjukuu wangu akayajengea kiti.

Kwetu kitu kipya cha kazi hakianzi kazi kabla ya kupelekwa kanisani. Plau, mbegu, pikipiki, mashine, vyote tunavipanga nje baada ya Misa, padre anasali na kuvinyunyizia maji ya baraka. Nimeipenda desturi hiyo tangu utoto, na nilipokuwa katekista niliwafundisha watoto maana yake: kwamba tunaomba, hatumwamuru Mungu. Lakini mwaka huo nilisikia kwa masikio yangu, tena kwenye jumuiya yetu ya sala, watu wazima wakisema ndege ikishabarikiwa haina shida. Walisema kama vile padre ni mkaguzi wa magari, na maji yale ni muhuri wake.

Mpwa wangu aliyajua hayo. Akaja nyumbani na mfuko wa sukari, akaniamkia shikamoo ya kuinama sana, akaomba nimsemee kwa paroko. Ibarikiwe Jumapili asubuhi, mchana wapae.

"Watu wakiona imenyunyiziwa maji watatulia, mjomba."

"Watatulia kuhusu nini?"

Nikamrudishia sukari yake. Nikamwambia nitakwenda kwa paroko siku nitakayoona ndege hiyo imepaa na kushuka ikiwa na gunia la mahindi kwenye kiti cha nyuma. Akasema ndege si lori la mazao. Nilipomweleza paroko, akanijibu kwa kifupi kwamba tuanze na gunia.

Nilimchukua mjukuu wangu hadi kwa mnunuzi wa mahindi, nikamsimamisha kwenye mizani. Vijana waliokuwa wakipakia mizigo wakamtania, "Nesi, leo unauzwa daraja la kwanza?" Akacheka, maana alidhani nimeanza kulegea. Kisha nikajaza mahindi yangu kwenye gunia mpaka mizani ikasoma vilevile, nikalishona mdomo mwenyewe kwa kamba ya katani.

Jumapili hiyo mpwa wangu hakuweza kukataa mbele ya watu wote waliokuja uwanjani. Wakalikalisha gunia, wakalifunga mkanda, na mtu mmoja akalivisha kitenge cha mjukuu wangu kichwani kwa mzaha. Binti mwenyewe akalipungia mkono. Mpwa wangu akavaa kofia ya pikipiki, akawasha.

Ilipita nusu ya uwanja wa mpira. Ikapita urefu wa uwanja mzima. Ikaruka kidogo kama mbuzi, ikatua, ikaruka tena, ikatua. Mwisho wa malisho kuna shamba la matuta yetu ya mviringo, yale tunayofukia majani yaoze ili mwakani tupande ulezi. Gurudumu la mbele likazama kwenye tuta, mkia ukanyanyuka, ndege ikalala juu chini.

Mpwa wangu alitoka na mkono uliovunjika, namshukuru Mungu hakupata zaidi ya hapo. Mjukuu wangu ndiye aliyemfikia kwanza, akaufunga mkono huo kwa kipande cha panga boi. Mimi nilikwenda kwenye kiti cha nyuma. Bomba moja lilikuwa limekatika, likalipasua gunia kuanzia juu mpaka katikati. Mahindi yalikuwa yanamwagika kwenye majani, na kile kitenge kilikuwa kimenasa kwenye ncha ya bomba.

Nikiwa bado nimesimama hapo, nikasikia sauti nyuma yangu. "Mzee ameitia mkosi. Ingebarikiwa isingeanguka." Aliyesema hivyo ni mama niliyemfundisha mwenyewe komunyo ya kwanza. Wengine wakaitikia. Hakuna aliyetazama gunia. Namba nyekundu zilikuwa bado zinasomeka, zimegeuka juu chini, na hakuna aliyeziuliza chochote. Na mpwa wangu, akipandishwa kwenye pikapu kupelekwa hospitali, akaniita ili aniambie kosa lilikuwa la gunia.

"Gunia halijui kuinama, mjomba. Mtu angeegemea mbele, tungepaa."

Kama ningefungua mdomo ningesema neno ambalo mzee wa kanisa hapaswi kulisema siku ya Bwana.

Watu walipoondoka, mjukuu wangu alirudi na beseni na ungo. Akapiga magoti kati ya matuta, akaanza kuokota mahindi na kuyapepeta mchanga. Nikamwambia awaachie ndege wa porini. Aliendelea kuokota. Baadaye akakinasua kile kitenge, akaingiza kidole kwenye tundu, akakikunja.

Mkono ulipopona, mpwa wangu alikuja tena. Ameinyoosha ndege, amebadilisha mabomba, na namba amezipaka upya. Safari hii kasi imeongezeka. Sukari alikuja nayo tena. Akasema ameshaongea na wanajumuiya, wote wanakubali, kimebaki kibali changu tu, Jumapili ibarikiwe kwanza ndipo ipae.

Nilikuwa nainuka kitini, na yale ambayo ningesema nisingeyasahau. Mjukuu wangu alinitangulia. Aliingia ndani, akatoka na lile gunia limeshonwa vizuri pale lilipopasuka, akamwekea mikononi.

"Mjomba, huyu atangulie kwanza."

Mpwa wangu alilishika, akaanza kueleza habari za kuegemea mbele. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, hakurudia neno lake. Mimi nikachukua debe, nikaenda ghalani kuchota mahindi ya kulijaza.