Mtu Aliyeziba Namba

Bahasha ilinuka dawa ya nondo, na chini ya dawa ya nondo kulikuwa na harufu nyingine, nzito, ya mafuta ya mashine yaliyokauka zamani. Babu aliitoa sandukuni jioni ile ile aliyofika Sydney, akaiweka mezani katikati ya sahani, akanitazama kama mtu aliyeniletea mtoto mchanga nimpakate. Unga wa wimbi na kumbikumbi waliokaushwa, ambavyo shangazi alivifunga kwa uangalifu kule Bungoma, vilibaki mikononi mwa maafisa wa uwanja wa ndege, na Babu alivililia wiki nzima. Lakini bahasha ilipita. Ndani yake mlikuwa na picha ishirini na tatu, nyeusi na nyeupe. Kila moja ilikuwa na garimoshi la Uingereza, na mbele ya kila garimoshi alisimama kijana mwembamba mwenye koti lililomzidi mabega. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nina kumi na saba, na nikifungua droo yenye dawa ya nondo popote pale, moyo hunipiga kidogo, kwa raha na kwa aibu, na sijui kipi hutangulia.

Tuliishi Bankstown, na bado tupo, ghorofa ya pili, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita kijiko kilicheza ndani ya kikombe. Ilikuwa miezi ya baridi. Mama ni muuguzi, na siku hizo alikuwa na shifti za jioni kwenye nyumba ya wazee. Baba aliendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala kule Wetherill Park na kurudi akiwa hana maneno. Kwa hiyo Babu aliachiwa mimi, au mimi niliachiwa Babu. Hatukuwahi kukubaliana juu ya hilo. Aliniita Mama. Kwetu si ajabu. Nilipewa jina la mama yake mzazi, Nekesa, na abebaye jina hubeba na heshima yake, kwa hiyo mzee wa karibu miaka themanini aliniuliza kila asubuhi, "Mama, umeamkaje?" nami, nimevaa soksi moja na kutafuta ya pili, nilimjibu kwa Kiingereza. Basi aligeukia dirisha na kusikiliza treni mpaka nirudie kwa Kiswahili. Aligundua mapema kwamba mimi ni mtu wa haya. Darasani nilikuwa nikilijua jibu na kulimeza. Dukani niliona afadhali nirudi bila kitu kuliko kuuliza kiko wapi. Hakunihubiria. Alininunulia daftari lenye jalada gumu, akasema lisilosemeka huandikwa, tena niandike kwa Kiswahili, maana shuleni kwetu nani atalisoma? Mengi ya haya nimeyatoa humo.

Ujanani Babu alikuwa fundi wa reli Nairobi, na mabosi wakampeleka Crewe, Uingereza, zaidi ya miaka miwili, kujifunza kutengeneza injini za mvuke wakati ambapo Waingereza wenyewe walikuwa wameanza kuzitupa. Jambo hilo lilimchekesha hadi uzeeni. Alipoondoka nyumbani, jirani mmoja alimwambia mama yake kwamba wanaopelekwa ng'ambo hawarudi, na barua huandikwa na watu wengine kwa majina yao. Mama wa watu akaanza kukonda. Babu alipopata habari hizo, kila mwezi aliazima koti, akamwomba mwenzake mwenye kamera, akapanda kwenye ubao ulio mbele ya injini waliyoimaliza na kusimama akiiegemea, mabega yakikiziba kibao kidogo cha namba. Alichagua hapo kwa sababu ndipo palipong'aa zaidi, alipasugua mwenyewe, na mwanga ulimrudia usoni. Mama yake hakujua kusoma. Namba ingemsaidia nini? Kila picha ikimfikia kwa posta, alichotafuta ni mashavu, kama yamebonyea au la, kisha akaihifadhi kwenye bahasha.

Siku moja kwenye ubao wa matangazo wa maktaba, Babu aliona karatasi: wapenzi wa reli za zamani za Uingereza hukutana Jumamosi mbili kila mwezi, alasiri, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Alilisoma tangazo lile mara tatu, kisha akaniambia nami nilisome, kama vile huenda lingesema kitu tofauti kwangu. Tulikwenda. Walikuwa wazee kama kumi hivi, wengi wao walizaliwa Uingereza na kuletwa huku wakiwa vijana, na kiongozi wao aliitwa Keith, mzee mrefu mwenye sweta lenye mashimo ya viwiko, aliyeshughulikia projekta kama mtu anayemkamua ng'ombe asiyemzoea. Kulikuwa na chai na biskuti. Babu alimsalimu kila mmoja kwa mikono miwili, akainama, akamuuliza kila mmoja habari za watoto, na mimi nilitamani sakafu ifunguke. Nilimwona kwa macho yao, au kwa macho niliyodhani ni yao: masweta mawili chini ya koti la suti, kofia ya sufu ya Baba, sauti ya kanisani.

Walikuwa na desturi yao. Picha ikiwashwa, ukumbi ulinyamaza, kisha mmoja alitaja namba ya injini, mwingine aina yake, mwingine karakana ilikolazwa, na picha iliyofuata ikaja. Ilipendeza, ilikuwa kama watu wanaoitikia sala. Karibu hakuna picha iliyokuwa na mtu. Ikatokea moja ambayo mwanamume mwenye baiskeli amesimama mbele ya injini na kuificha namba, wakaguna kwa pamoja, na Keith akasema ni picha nzuri ila huyo bwana ameiharibu. Wote wakacheka. Babu naye alicheka. Halafu Keith akamwambia Babu alete zake mkutano ujao, nami nikakumbuka kwamba picha zetu zote ishirini na tatu zilikuwa na huyo bwana.

Kazi ya kuziingiza kwenye kompyuta ilikuwa yangu. Nilizipeleka maktaba, nikaziweka kwenye skana moja baada ya nyingine, zikatokea kwenye kioo safi kuliko nilivyozijua: mishono ya koti la kuazima, alama ya masizi shingoni. Kisha nikaanza kumkata. Kwenye kompyuta ni jambo jepesi, unavuta kona kwa kidole na mtu hayupo. Yalibaki magurudumu, mabomba ya moshi, ubavu wa injini. Nyingine hazikuwa na maana tena nikazifuta. Zikabaki kumi na moja. Niliandika kwenye daftari siku ile kwamba nimezirekebisha ili wazee wazifurahie. Ni uongo, na nimeuacha pale ulipo, sikuufuta. Mama angejua, angenipigia ile methali ya mkataa kwao, na asingeimaliza, maana mwisho wake unajulikana.

Jumamosi ilipofika Babu alijinyoa mara mbili. Keith alimtambulisha kwa heshima, akazima taa, akachomeka fleshi yangu. Ikaja picha ya kwanza: magurudumu mawili na nusu ya la tatu. Ukumbi ukasubiri. Hakuna aliyejua aseme nini, kwa sababu gurudumu halina namba. Ikaja ya pili, bomba la moshi na anga. Babu aliitazama, kisha akanitazama mimi, si kwa hasira. Kama fundi anayesikia mlio asioutegemea na kutafuta unatoka wapi. Ya tatu nilikuwa nimeikata vibaya. Kwenye ukingo kulibaki kiwiko.

"Kuna mtu anatoroka pale," mmoja wao akasema, wakacheka kidogo kwa upole.

Babu akainuka. Nilidhani anakwenda nje. Alitembea polepole kati ya viti hadi mbele, akageuka, akasimama kwenye mwanga wa projekta pale pale kiwiko kilipokuwa, mabega yamenyooka, mkono mmoja nyuma. Gurudumu likamwangukia kifuani.

"Samahani, rafiki," Keith akasema, "unatuzibia."

"Ndiyo," Babu akasema. "Nilianza kuziba zamani. Hapa palikuwa na mtu, na mtu mwenyewe ni mimi."

Alitoa bahasha kwenye mfuko wa koti. Kumbe alikuja nayo. Keith akawasha taa. Picha zile za karatasi zikapita mkono kwa mkono, na mzee mmoja, ambaye baba yake alifanya kazi Crewe, akaigeuza ya kwanza na kusoma kwa sauti namba iliyoandikwa nyuma kwa penseli. Sikuwahi kuzigeuza. Zote ishirini na tatu zilikuwa na namba nyuma, na nyingine zilikuwa na sehemu iliyotengenezwa, na jina la aliyeshika kamera. Projekta ikasahaulika, ikinguruma peke yake na kumulika ukuta. Wakamuuliza kila kitu: boila zilipimwaje, nani alikuwa msimamizi, kama ni kweli mkate wa nyama wa kantini ulikuwa mgumu kama sabuni. Walikuwa wamezipenda injini zile tangu utotoni wakisimama nje ya uzio, na huyu alikuwa amelala ndani ya matumbo yake akiwa na spana. Babu akawaambia kwa Kiswahili kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, kisha akawaeleza kwa Kiingereza, wakaipenda methali hiyo kiasi kwamba mmoja aliiandika kwenye mfuko wa biskuti. Baadaye Keith aliuliza ni nani aliyezitayarisha zile za kwenye kompyuta. Babu akajibu kwamba zilitayarishwa nyumbani, akaomba chai nyingine.

Tulirudi kwa miguu. Bankstown jioni za baridi ilinuka mkate wa Kilebanoni na nyama ya kuchoma, na watu wote walikuwa na haraka isipokuwa sisi. Tulipofika karibu na duka la mikate ndipo alipozungumza, bila kunitazama.

"Mama, umekata vizuri. Mstari umenyooka. Lakini fundi hupima kwanza ndipo akate. Wewe ulipima nini?"

Ningeweza kusema niliwasikia wakicheka. Ningeweza kusema ni kompyuta.

"Nilikuonea haya, Babu," nikasema, na nilisema kwa Kiswahili bila kungoja ageukie dirisha lolote.

Alitembea hatua kadhaa. "Basi tumelijua," akasema, akaingia kununua mkate. Aliupasua njiani ukiwa wa moto, akanipa kipande kikubwa. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kesi. Ningependa kusema niliona nafuu, lakini kipande kile nilikifikisha nyumbani kikiwa kizima.

Kesho yake, baada ya kanisa, nilizipitisha tena picha kwenye mashine, mbele na nyuma. Chini ya namba, kwa penseli iliyofifia, kulikuwa na mstari ambao wale wazee hawakuweza kuusoma. Aliuandika kwa Kiswahili kwa sababu katekista aliyemsomea mama yake barua alitoka Taita, na Kibukusu, lugha ya kwetu, hakukijua. Karibu picha zote zilikuwa na maneno yale yale: "Mama, huyu ni mimi. Usiwasikilize." Nilikaa na zile picha mezani, mimi Nekesa, niliyekuwa nimemfuta mara ishirini na tatu.

Kabla Babu hajarejea Bungoma aliniomba nimpige picha kituoni Bankstown. Treni ilipofunga breki, akachagua behewa lililokuwa safi, akasimama akiliegemea, mkono mmoja nyuma, na nikaona kwamba kichwa chake kimefunika namba. Nikafungua mdomo nimwambie asogee. Nikaufunga. Nikapiga. Aliporudi nyumbani nilimtumia nakala ya karatasi, na nyuma yake niliandika tarehe tu, kwa sababu namba sikuwa nayo.

Babu alifariki mwaka jana. Hatukuweza kwenda sote. Baba alikwenda peke yake. Kwa ajili ya karatasi ya ibada ya mazishi walitafuta picha ya ujana wake, na hawakuwa na nyingine zaidi ya zile, kwa hiyo binamu yangu aliikata injini na kubakiza uso. Nilipoiona kwenye simu nilicheka hadi nikalia. Yule kijana ameegemea kitu, na kitu chenyewe hakipo.

Na zile treni zetu zilizotikisa vijiko nazo zimeondolewa. Reli yetu inabadilishwa kwa ajili ya treni zisizo na dereva, nasi tunapanda mabasi. Asubuhi ghorofa ya pili ina ukimya ambao bado sijauzoea, kijiko kimetulia kwenye kikombe kama kijiko cha nyumba nyingine yoyote. Wale wazee wamepungua. Mikutano imehamia kwenye kikundi cha mtandaoni, ambako kati ya magarimoshi ya Uingereza sasa watu huweka pia picha za treni za Bankstown, kwani hizo nazo zimekwisha kuwa za zamani. Tangu kianzishwe nimekuwa mle, nikisoma kila kitu bila kuandika neno. Wiki iliyopita niliiweka picha ya kituoni, nzima, na majani makavu miguuni na kivuli changu kwenye kona. Mtu nisiyemjua akaandika kwamba ni picha nzuri sana, ila ni bahati mbaya yule mzee ameziba namba, na je, ninayo nyingine?

Niliandika jibu nikalifuta, nikaandika nikalifuta, kama kawaida yangu. Hatimaye nilituma: "Sina nyingine. Namba siijui. Huyo ni Babu yangu."

Saa hiyo hiyo Keith, ambaye nilidhani haoni tena vizuri, akaandika chini yake kwamba anamkumbuka, na kwamba mahali pale ndipo alipokuwa akisimama siku zote.