Kiondo Changu, Somo la Ednah

Mikono kwenye ile picha ilikuwa yangu. Jina chini yake lilikuwa la Ednah.

Tulikuwa ukumbini Kinoru. Picha kubwa ukutani, watu wa suti wanapiga makofi, na mimi nimekauka kwenye kiti.

Niwaeleze tulifikaje hapo.

Mimi shule niliachia darasa la sita. Nilikuwa nawapikia watoto uji kanisani Mikinduri, Daktari Wanjira akaja kutoka Embu na kompyuta sita. Alikuwa mtafiti. Alitaka kila mtoto, tajiri au maskini, ajue kuunda michoro na michezo yake mwenyewe.

Mwalimu alikuwa Ednah, rafiki yangu tangu utotoni. Wiki nzima alifundisha amri ya kurudia, ile ya kuiambia kompyuta irudie hatua zilezile. Wavulana walizingira kompyuta, wasichana wakabaki kutazama visogo.

Siku moja nikaweka mwiko chini, nikawaita wasichana. Nikawaonyesha kikapu changu, kiondo nilichokuwa nasuka.

"Nyuzi mbili nyeusi, moja nyeupe. Rudia mpaka uzunguke. Ni hivyo tu."

Mmoja wao, Ciakuthii, akacheka. "Kumbe nyanya yangu ni mtaalamu wa kompyuta!"

Wakashika papo hapo. Ednah akanipiga picha mikono.

Daktari aliporudi akakuta wasichana wanachora mapambo kwenye kompyuta. Akaapa kwamba aliyebuni somo hilo atapata kazi ya kudumu ya kufundisha.

Kesho yake Ednah akaniletea fomu ya Kiingereza.

"Ni ya nini?"

"Ya picha tu. Weka tiki hapa. Ama huniamini, dada?"

Niliona haya kumwambia anisomee. Nikacheka naye, nikaweka.

Basi pale Kinoru, kwenye sherehe ya kumtangaza aliyebuni somo, nikajikaza, nikamfuata Daktari. "Lile somo ni langu."

Akashtuka, akatoa ile fomu. "Lakini hapa umekubali kwamba ulishika kiondo tu, kwa maelekezo ya mwalimu. Na kwamba hutaki kutajwa."

Ednah akaangua kicheko. "Daktari, huyu hata la saba hakufika. Angejulia wapi?"

Watu wakageuka. Nikarudi kitini.

Kazi akachukua Ednah.

Juzi akanipigia simu, sauti tamu kama asali. "Dada yangu, watoto wamefika kwa somo la kurudia pambo ndani ya pambo. Kwa kiondo unafanyaje hapo?"

"Si mwalimu ndiye hunielekeza?" nikamjibu. "Nangoja maelekezo."

Nikakata.

Wenzangu, ukipewa karatasi usiyoielewa, sema huielewi. Haya ya kuuliza hupita. Mimi kinachoniuma ni kwamba ile tiki niliiweka kwa mkono wangu, nikicheka na rafiki yangu.