Mpaka wa Mzee Mhina na Mzee Salimu

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti ofisi ya ardhi Korogwe nikiwa nimevaa viatu vya kuazima. Bwana Ardhi, mkuu wetu wa wilaya, aliviangalia akatikisa kichwa. "Hivyo vitakufia mkongeni leo hii," akasema. Kweli vilikufa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mnyororo, ule wa chuma wa kupimia urefu, huku mpima akisoma pembe kwenye darubini yake ya miguu mitatu. Tulikuwa tunakagua mipaka ya shamba la mkonge. Kila kona ilikuwa na bikoni, nguzo fupi ya zege yenye namba. Bwana Ardhi aliigonga moja kwa fimbo.

"Hii ikishakaa, hata mimi sina ruhusa ya kuisogeza."

Nikamuuliza kuhusu mashamba ya wananchi yaliyokuwa ng'ambo ya mkonge.

"Hayo hayana bikoni," akanijibu. "Wenyewe wanajuana."

Maana ya kujuana niliiona nilipopanda cheo kuwa mpima msaidizi na kuhamishiwa Handeni. Nilipanga chumba kwa Mzee Salimu, katika kitongoji kimoja upande wa Kwedizinga. Jirani yake alikuwa Mzee Mhina, na kati ya mashamba yao palikuwa na mstari wa minyaa, mimea ile yenye utomvu mweupe, iliyopandwa na babu zao. Hapakuwa na alama nyingine. Msimu wa kulima walifanya kiwili, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kisha wakala pamoja. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kusikia hata mmoja akimpandishia mwenzake sauti.

Ndipo ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, kando ya barabara. Mkuu wa Operesheni, mgeni kutoka mkoani, aliniagiza nipime viwanja vya nyumba, safu kwa safu. Nilimwomba jambo moja.

"Mzee, tupime kwanza mashamba yao ya zamani, hata kwa dira tu, kabla hawajahama."

"Upime mahame?" aliniuliza kwa mshangao. "Bwana Mpima, huko nyuma hatutarudi. Pima viwanja."

Nikapima viwanja. Watu wakabeba milango, vinu na kuku wao, wakahama. Matrekta yakaja kufungua shamba la kijiji, minyaa ikang'olewa, na mashamba ya wale wazee wawili yakawa uwanja mmoja mweupe. Mahindi yaliyopandwa pale yalikauka kwa jua. Msimu uliofuata waliojitokeza kulima walikuwa wachache, na hatimaye shamba la kijiji likaachwa. Watu wakaambiwa, kimyakimya, kila mtu arudi kulima alipokuwa akilima.

Wazee wangu wakarudi. Kila mmoja akasimama mahali pake.

"Minyaa ilipita hapa, kwenye hiki kichuguu," alisema Mzee Mhina.

"Kichuguu kilikuwa ndani kwangu, ndugu yangu. Umesahau?"

"Sijasahau mimi. Umesahau wewe."

Wakanigeukia wote wawili. "Bwana Mpima, wewe umeishi hapa. Tuambie."

Nilikuwa nimepita kando ya minyaa ile kila asubuhi nikienda kazini. Lakini kwenye ardhi ile iliyochanwa na majembe ya trekta sikuweza kuonyesha ilipokuwa. Nikawaambia kweli kwamba sijui. Hakuna aliyeniamini, kila mmoja alidhani nimehongwa na mwenzake.

Shauri likaenda barazani, kisha mahakamani. Hakimu akaomba ramani, na ramani haikuwapo. Wazee wakaacha kusalimiana. Watoto wao wakakatiana migomba.

Mzee Salimu alipofariki nilikwenda kuzika. Mzee Mhina naye alikuja, amevaa kanzu yake, na jembe begani la kusaidia kuchimba kaburi. Watoto wa marehemu wakamzuia njiani.

"Rudi, mzee. Huwezi kumzika mtu uliyetaka kumnyang'anya."

Hakubishana nao. Alinikuta pembeni, macho yamemwiva, akasema, "Tangu tunachunga mbuzi hatukuwahi kugombana. Huyu wa kutugombanisha alitoka wapi?"

Nilimpokea jembe lake. Nilimsindikiza hadi kwake.

Sasa nimestaafu, naishi Korogwe. Vijana waliosomea ardhi huja kuniamkia na kuniuliza habari za kazi. Nawaeleza mnyororo, bikoni na hati. Wakiniuliza faida ya vyote hivyo kwa wananchi, nawaambia ofisi ya ardhi iliwekwa ili majirani waendelee kusalimiana. Sisi tuliwakuta wanasalimiana.

Mzee Mhina naye ameshafariki. Wajukuu wa pande zote mbili bado wanashtakiana, na shamba lenyewe, kwa amri ya baraza la ardhi, halilimwi na mtu.